Nyuki Alivyofundisha Ndege Kutua

Nyuki anapotua juu ya ubao mtupu hajui yuko juu kiasi gani, wala hajui anakwenda kwa kasi gani. Hana altimita, hana rada, hana mnara wa kumwongoza. Macho yake yamekaa karibukaribu na hayazunguki ndani ya kichwa, kwa hiyo ule ujanja wetu wa kulinganisha kinachoonwa na jicho la kulia na kinachoonwa na la kushoto haumsaidii ila kwa vitu vilivyo karibu mno. Ubongo wake una uzito wa kama miligramu moja, na seli zake za neva hazifiki milioni. Pamoja na hayo hutua kwa ulaini ambao rubani wa ndege kubwa angeutamani, na hutua hivyo kutwa nzima, ua hadi ua, hata upepo ukivuma.

Nataka kuwasifu watu waliotumia miaka yao kuuliza anafanyaje. Magazeti huwakumbuka pale tu mashine inaporuka: droni yenye macho ya nzi, ndege inayoona kama nyuki. Mimi huvutiwa zaidi na kilichotangulia, yaani jinsi walivyomhoji mdudu asiyesema, kwa mbao, karatasi na maji ya sukari, mpaka akatoa siri yake.

Siri hiyo kila abiria ameiona bila kuitilia maanani. Kaa dirishani kwenye basi la Moshi kwenda Arusha. Nguzo za kando ya barabara hupita mbio, huwezi hata kuzihesabu. Migomba iliyo nyuma yake hupita taratibu. Kilimanjaro wenyewe upo palepale, kana kwamba unasafiri nawe. Kilicho karibu hukimbia machoni, kilicho mbali hujikokota. Wataalamu huita mwendo huo mtiririko wa taswira, na mwanasaikolojia wa Marekani James Gibson, aliyefanya kazi na jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyeshikilia kwamba rubani hutua kwa kuusoma mtiririko huo hata kama hana habari kuwa anausoma. Lakini una kasoro moja. Haukwambii kasi yako peke yake, wala umbali peke yake. Hukupa kasi iliyogawanywa kwa umbali, basi. Mtiririko uleule unaweza kumaanisha kwamba unakwenda pole karibu na ukuta, au mbio mbali nao. Mhandisi aliyezoea kutaka kila namba kwenye safu yake angeiona hiyo ni taarifa nusu. Kwa nyuki, huo ndio mtaji.

Kabla ya nyuki alikuwapo mbawakavu. Katika miaka ya 1950 huko Ujerumani, mwanabiolojia Bernhard Hassenstein na mwanafizikia Werner Reichardt walimchukua mbawakavu mdogo aitwaye Chlorophanus, wakamgandisha mgongoni ili asiweze kwenda popote, wakamweka katikati ya pipa lililochorwa mistari ndani. Kisha wakampa tufe jepesi lililofumwa kwa vijiti vya mabua, alishike kwa miguu. Mbawakavu akaanza kutembea. Yeye hakusogea, tufe ndilo lililozunguka chini ya miguu yake. Vijiti vilikuwa vimeungwa kwa namna ambayo kila baada ya hatua chache alifika njia panda, akalazimika kuchagua: kulia au kushoto. Watafiti walikuwa na kazi moja tu, kuhesabu. Pipa likizungushwa kulia, mdudu naye huchagua kulia zaidi ya kushoto, maana anajaribu kuufuata ulimwengu unaomhama.

Tazama uzuri wa chombo hicho. Hakina waya uliochomekwa kichwani mwa mdudu, hakina mashine ya gharama. Ni mabua na gundi, na kila njia panda ni swali la ndiyo au hapana. Kwa kuhesabu majibu hayo waligundua kwamba jicho hulinganisha sehemu mbili jirani: ishara ya sehemu moja hucheleweshwa kidogo, halafu huzidishwa na ishara ya jirani yake. Kama kitu kimepita upande ule unaolingana na ucheleweshaji, ishara mbili hukutana na zao lake huwa kubwa. Kilichowathibitishia kuwa ni kuzidisha kweli ni jaribio la kumwonyesha mng'ao sehemu ya kwanza na giza sehemu ya pili. Mbawakavu aligeukia upande wa pili. Chanya mara hasi ni hasi, na mdudu huyu aliifuata kanuni hiyo kwa miguu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956, na mpaka leo mchoro wao wa ucheleweshaji na kuzidisha umo katika chipu na programu za kugundua mwendo.

Sasa twende Canberra. Mandyam Srinivasan alizaliwa India, akasomea uhandisi wa umeme Bangalore, akachukua udaktari Yale, kisha akaangukia kwa wadudu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Uhandisi wake unaonekana katika kila jaribio alilolibuni: huuliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na huziba kila upenyo ambao jibu la uongo lingepitia.

Swali la kwanza lilikuwa dogo. Nyuki akipita kwenye upenyo mwembamba, hupita katikati. Anajuaje katikati ni wapi? Akiwa na wenzake, Srinivasan alitengeneza njia nyembamba yenye kuta mbili zilizochorwa mistari ya wima, akaweka maji ya sukari mwisho wake. Nyuki huzoeshwa hatua kwa hatua: chombo cha sukari huwekwa karibu na mzinga, husogezwa kidogo, husogezwa tena, mpaka nyuki wale wale waliotiwa doa la rangi mgongoni wanaingia na kutoka kama watu wa nyumbani. Kamera hukaa juu na kuchukua kila safari. Kuta zikiwa zimetulia, nyuki hupita katikati. Ndipo ukuta mmoja ukafanywa utembee.

Mistari ya ukuta ikisogea kuelekea huko huko anakokwenda nyuki, mtiririko wa upande huo hupungua, naye husogea karibu na ukuta ule. Ikirudi kinyume chake, mtiririko huongezeka, naye huukimbia. Maana yake nyuki hapimi umbali wa kuta hata kidogo. Anasawazisha mtiririko wa kulia na wa kushoto, na kusawazisha huko ndiko kunakomweka katikati. Srinivasan angeweza kuishia hapo na akapata sifa. Lakini mtu makini angeuliza: je, si idadi ya mistari inayopita kwa sekunde ndiyo nyuki anayoihesabu? Basi wakabandika mistari mipana upande mmoja na myembamba upande wa pili. Nyuki hakuyumba. Anachosoma ni mwendo wa taswira, mistari iwe minene au myembamba. Hapo nyuki aliachana na mbawakavu wa Hassenstein, ambaye jicho lake hudanganywa na upana wa mistari, na wahandisi wakajua kuwa kuna mashine nyingine ndani ya nyuki inayofaa kutafutwa.

Njia ikibanwa katikati kama kiuno cha nyigu, nyuki hupunguza mwendo panapobana na kuongeza panapopanuka, ili mtiririko ubaki uleule. Nani asingependa gari lenye akili hiyo katika vichochoro vya Mji Mkongwe?

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lile la umbali. Nyuki anayerudi mzingani hucheza ngoma juu ya sega, na muda anaotikisa tumbo huwaambia wenzake chakula kiko umbali gani. Srinivasan na wenzake waliwarusha nyuki ndani ya njia nyembamba ya mita 6 tu, wakawasubiri warudi kucheza. Walicheza ngoma ya karibu mita 200. Kuta zilikuwa karibu, mtiririko ulikuwa mkubwa, na mashine yao ya kuhesabu safari ikaamini kwamba wamepita nchi nzima ya maua. Kisha mistari ikageuzwa, ikalazwa kufuata urefu wa njia, mtiririko ukatoweka, na nyuki waliorudi wakacheza ngoma ya chakula kilicho mlangoni. Mita ni zile zile, sukari ni ile ile, mabawa yamechoka vile vile. Kilichobadilika ni karatasi ukutani. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2000, na ilisaidia kuzima hoja ya muda mrefu kwamba nyuki hukadiria umbali kwa nguvu alizotumia kuruka.

Mwaka huo huo walichapisha jibu la kutua. Waliwapiga picha nyuki wakishuka juu ya uso tambarare, wakapima kila picha, na wakakuta kanuni fupi ajabu. Nyuki hushikilia mtiririko wa ardhi chini yake usibadilike, na kasi ya kushuka huifanya iwe sehemu ile ile ya kasi ya kwenda mbele. Hayo tu. Hebu tupige hesabu: tuseme yuko juu mita 2 na anakwenda mita 1 kwa sekunde. Akifika mita 1, ili mtiririko ubaki ulivyo, lazima kasi iwe nusu mita kwa sekunde. Akiwa sentimita 10 juu, kasi ni sentimita 5 kwa sekunde. Anapogusa, kasi imekwisha. Hakujua urefu wala kasi katika hatua yoyote, na hakuvihitaji, maana hisabati ya kupunguza mwendo imo ndani ya uwiano wenyewe.

Emily Baird, pamoja na Srinivasan na wengine, alikuja kuonyesha mwaka 2013 kwamba kwenye ukuta wa wima nyuki hutumia ndugu ya kanuni hiyo: hushikilia kasi ya taswira kutanuka mbele yake. Walijuaje? Walichora mviringo wa konokono kwenye sahani, wakaizungusha. Mviringo ukizunguka upande mmoja huonekana unatanuka, upande wa pili huonekana unanywea, na nyuki akarekebisha mwendo wake kulingana na udanganyifu huo. Mwisho kabisa, akiwa chini ya sentimita 2 kutoka usoni mwa kitu, nyuki hutulia hewani kwa kitambo kidogo na kunyoosha miguu. Uso ukiwa tambarare, miguu ya nyuma hutangulia kugusa. Ukiwa wima, hutangulia vipapasio. Hayo huyaoni kwa jicho tupu. Huonekana katika picha zilizopunguzwa mwendo, zikipitiwa moja baada ya moja na mtu mwenye subira.

Huko Marseille, Nicolas Franceschini alikuwa anamfuata nzi kwa njia ngumu zaidi. Yeye na wenzake walitengeneza kifaa cha lenzi cha kuangaza seli mbili tu za mwanga ndani ya kijicho kimoja kati ya maelfu ya vijicho vya nzi, huku wakisikiliza seli moja ya neva inayoitikia mwendo. Wakiwasha ya kwanza kisha ya pili, neva huitika. Wakigeuza mpangilio, hunyamaza. Kutokana na hayo alichora saketi, na saketi hiyo akaijenga kwa umeme. Mwaka 2007 yeye, Franck Ruffier na Julien Serres walieleza kuhusu chombo chao cha rafadha chenye gramu 100, kilichofungwa kwenye mkono mrefu kikawa kinazunguka juu ya sakafu ya rangi nyingi. Amri yake ilikuwa moja: mtiririko ukizidi kiwango, panda, ukipungua, shuka.

Hapo ndipo mashine iliporudisha fadhila kwa biolojia. Walipokipulizia chombo hicho upepo wa mbele, kilishuka chenyewe, maana upepo ulipunguza kasi yake juu ya ardhi, mtiririko ukapungua, nacho kikatafuta ardhi ili kuurudisha. Wadudu wengi hushuka chini upepo wa mbele ukizidi, na wanabiolojia walikuwa wakiliona hilo bila maelezo rahisi. Yako pia maelezo ya watafiti Heran na Lindauer ya mwaka 1963 kuhusu nyuki waliovushwa ziwa: maji yakiwa na mawimbi, huvuka, maji yakiwa shwari kama kioo, hushuka na kushuka mpaka wengine wakazama. Maji yasiyo na alama hayana mtiririko. Nyuki hutafuta ardhi ambayo jicho linamwambia iko mbali, kumbe imo miguuni mwake.

Vyombo vilivyotokana na kazi hizi ni vingi, nami nitavipita upesi kwa sababu havinisisimui kama mabua ya Hassenstein. Canberra kwenyewe ndege ndogo ya mabawa ilishushwa kwa kanuni ya nyuki. Lausanne, katika maabara ya Dario Floreano, Jean-Christophe Zufferey alirusha ndege ya gramu 10 ndani ya chumba, ikikwepa kuta kwa mtiririko peke yake, na baadaye kundi hilo likatumia chipu za kawaida za maus ya kompyuta kama macho ya ndege ya nje. Kutoka maabara hiyo ilizaliwa kampuni ya senseFly mwaka 2009, iliyounda droni iitwayo eBee. Hiyo imetufikia: mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar ulioanza mwaka 2016 uliitumia, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuirusha juu ya Unguja na Pemba. Tusidanganyane lakini, ilipokuwa juu ya mikarafuu, droni hiyo iliongozwa hasa na setilaiti. Zurich nako wanatumia kamera ambayo kila nukta yake hunyamaza mpaka mwanga ubadilike, wazo lililoanza kwa Misha Mahowald na Carver Mead huko California, na mwaka 2020 droni yenye kamera hizo iliukwepa mpira uliorushwa kuielekea.

Delft, Uholanzi, panastahili kusimama kidogo. Guido de Croon aliona kwamba droni inayotua kwa mtiririko huanza kutetemeka inapokaribia ardhi, kwa sababu marekebisho yaliyofaa juu huwa makali mno chini. Wengine wangeitafutia dawa wakaendelea na safari. Yeye alitambua kwamba mtetemo huanza kwenye urefu unaoweza kukokotolewa. Basi mtetemo wenyewe ukawa kipimo cha urefu. Ugonjwa umegeuzwa rula! Sijui kama yupo fundi asiyetabasamu akisikia hilo.

Anga la Mirihi lilitoa mtihani wa ukweli. Helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, haikunakiliwa kwa nyuki, lakini ilijikuta katika hali yake: hakuna setilaiti za kuielekeza, kuna kamera moja iliyotazama chini na kupiga picha 30 kwa sekunde, ikifuatilia alama za ardhini, pamoja na leza ya kupima urefu. Katika safari ya 6, Mei 2021, picha moja tu ilipotea njiani, zilizofuata zikabeba saa zisizo zake, na chombo kikayumbayumba kama mlevi kabla ya kutua salama. Kilijengwa kwa majaribio 5, kikaruka mara 72. Safari hiyo ya 72, tarehe 18 Januari 2024, ilikuwa juu ya mchanga laini usio na mawe ya kushika jicho. Kamera ilikosa alama za kutosha, chombo kikagusa ardhi kikiwa bado kinateleza upande, na mabawa yake yakavunjika. Wale nyuki wa Lindauer walikufa kwa kosa hilohilo, juu ya maji.

Kwa hiyo nakataa vichwa vya habari vinavyosema tumepata jicho la nyuki. Tumepata kanuni tatu au nne kati ya zote anazozitumia, na kila moja ilichukua miaka. Nyuki bado anatambua ua, anakumbuka njia, anasoma nuru ya anga kujua jua liko wapi hata likifunikwa na wingu, na yote hayo huendeshwa na tone la mbochi. Ninachokisifu ni nidhamu ya watu waliokubali kuuliza kidogo ili wajibiwe sawasawa, na ujasiri wa kihandisi wa kuacha namba isiyohitajika. Kutupa urefu na kasi, ukabaki na uwiano wake, kunahitaji kujiamini kuliko kuongeza kifaa kingine cha kupimia.

Na ufundi huu hauhitaji bajeti ya Mirihi. Mbao mbili, karatasi ya mistari, chupa ya maji ya sukari, rangi ya kutia doa, na simu yenye video ya mwendo pole, ambayo wanafunzi wengi wanayo mfukoni. Nyuki wetu ni wakali kuliko wa Canberra, hilo lazima lisemwe, na anayejaribu bila mavazi atajuta. Lakini Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki chenye watu wanaojua kukaa nao, na Dar es Salaam na Arusha kuna vyuo vya uhandisi vyenye vijana wanaorusha droni. Walimu wa pande hizo mbili wapangiane kazi ya pamoja. Mistari ya karatasi itachapwa kwa siku moja.